Mali ya Mgeni Mlimani

Baba yangu hakuwa mtu wa mlimani. Alitoka upande wa Turiani, kwenye mashamba ya mpunga, akaja Uluguru kutafuta kazi, akamwona mama yangu sokoni Mlali, akaoa na kubaki huku juu. Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Shamba lilikuwa la bibi, likaja kwa mama, na siku moja litakuwa la binti. Mwanamume aliyeoa hulima shamba la mkewe, na wakiachana huondoka na jembe lake tu. Baba alilijua hilo tangu siku ya posa, wala sikumsikia hata mara moja akilalamika. Lakini nadhani lilimkaa moyoni, kwa sababu miaka yote niliyomwona hai aliitumia kutafuta kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumwambia, "Hiki si chako."

Wajerumani walipokuwa wanajenga reli kutoka pwani, alikwenda huko akabeba mataruma na kupiga nyundo. Nilikuwa mdogo sana, ila nakumbuka alivyorudi mara ya mwisho, reli ilipokwisha kufika Morogoro. Alifungua kitambaa alichokuwa amejifunga kiunoni chini ya shuka, rupia za fedha zikamwagika juu ya mkeka. Mama alifunika mdomo kwa upindo wa kaniki yake. Mimi nilinyoosha mkono nizishike, nikapigwa kofi dogo la vidole.

"Humu imo kodi, na nguo zenu," baba alisema. "Zinazobaki sitaki zikae chunguni. Nataka zifanye kazi kama nilivyofanya mimi."

Kesho yake akaitwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwa desturi yetu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, hata baba akiwepo. Alikuja na fimbo yake, akakaa, akaangalia zile rupia bila kuzigusa.

"Nunua mbuzi, shemeji," alisema. "Rupia ukiziacha hapo, mwakani utazikuta hizo hizo. Mbuzi utamkuta na watoto."

"Na ugonjwa ukiingia bandani?"

"Usiwaweke banda moja. Wagawe kwa ndugu."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba alinunua mbuzi Mlali, wengine akawaacha huko huko kwa ndugu, akanichukua nimsaidie kuwaswaga waliobaki, tukapanda nao hadi Mgeta tukimwacha mmoja kwa mama mdogo, wawili kwa binamu ya mama, wengine kwa jirani wa mjomba. Kila aliyepokea alielezwa mgao wake: atachunga, atapata samadi kwa shamba lake, na katika watoto watakaozaliwa atachukua fungu. Njia ile ni ya kupanda kwa magoti. Baba alikuwa akisimama kupumua huku ananieleza, kana kwamba mimi ni mtu mzima.

"Wa Mgeta wakifa, wa Mlali wapo. Wa Mlali wakiibwa, wa Mgeta wapo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Hujaelewa," alisema akicheka. "Lakini utakuja kuelewa."

Zilizobaki alizipeleka mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni. Huyu walijuana tangu siku za reli, maana ndiye aliyekuwa akiwauzia vibarua sigara na sukari. Nilikwenda naye siku hiyo. Mhindi alitukaribisha juu ya magunia, akanipa kipande cha sukari guru, akamwambia baba, "Niachie mimi fedha yako. Kila mwaka nitakuongezea kidogo juu yake. Wewe utakaa tu."

"Hiyo nyongeza ni riba," baba alijibu. "Mimi sili riba."

"Basi tushirikiane. Mimi natoa chumvi na nguo, wewe na fedha yako mnapanda mlimani, mnarudi na maharage na tumbaku. Faida tunagawana."

"Na hasara?"

Mhindi aliinua mabega. "Tunagawana vilevile."

Baba alifikiri kidogo, akampa mkono. Tangu siku hiyo tulikuwa na chumvi nyumbani wakati wote, na mama alipata vikuku viwili vya fedha alivyovivaa hata shambani.

Ile ilikuwa miaka mizuri. Nasema hivyo nikijua wengine walikuwa wanachapwa viboko bomani, na kodi ilikuwa inatafutwa kwa machozi. Kwetu, kwa muda, mambo yalikwenda. Mdogo wangu wa kike alizaliwa wakati huo, mnene, mwenye kucheka na kila mtu. Baba alipanda na kushuka na mizigo yake, na jioni alikaa naye mapajani akimhesabia mbuzi ambao hajawahi kuwaona.

Kisha ikaja habari ya mpira.

Wazungu wenye mashamba huko bondeni walikuwa wamepanda miti ya mpira, na bei ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walisimuliana njiani. Baba alikwenda kuiona, akarudi na mbegu kwenye mfuko na macho yanang'aa. Alimwomba mjomba ruhusa ya kupanda kwenye kipande cha chini, kile kilichokuwa na migomba mizee.

"Mti usioliwa?" mama aliuliza.

"Tutakula bei yake, mama watoto."

"Na huku tunasubiri tutakula nini?"

"Tutasubiri pamoja. Mimi mbuzi ninao, biashara ninayo. Hii ni ya kesho. Ni ya hawa." Akatuonyesha sisi wawili.

Mjomba alikubali, lakini alisema maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu uso wa baba ulibadilika. Alisema, "Panda, shemeji. Ila miti ni yako, udongo si wako."

Migomba ikakatwa. Miche ikaota, ikawa miti myembamba yenye majani kama ya muhogo, na baba akaipalilia kuliko alivyopalilia chochote. Baada ya miaka kadhaa ikafaa kugemwa. Alinifundisha mimi mwenyewe: tulikamua limau, tukapaka maji yake kwenye gome, tukachoma gome kwa ncha ya kisu, utomvu mweupe ukatoka na kuganda pale pale. Kisha tuliuvuta utepe kwa utepe tukauviringisha mpaka ukawa bonge. Mikono ilinata siku nzima. Baba alikuwa akiimba. Alikuwa na sauti mbaya sana, na mama alikuwa akicheka kutoka juu shambani.

Mzigo wa kwanza ulilipa vizuri. Wa pili ulilipa nusu yake. Tulipopeleka wa tatu, Mhindi alikuwa amesimama mlangoni, na kabla baba hajautua alitikisa kichwa.

"Sichukui tena, rafiki yangu. Huko Ulaya hawautaki. Kuna nchi za mbali zimepanda mpira mwingi kuliko huu wote, na ni mzuri zaidi. Hata Wazungu wa bondeni wanang'oa."

"Bei itarudi," baba alisema.

"Labda. Mimi sijui. Lakini sichukui."

Tulirudi na mabonge yale kichwani mpaka nyumbani. Sikuelewa kwa nini hatukuyatupa njiani, na sikuthubutu kuuliza. Siku kadhaa baba alikaa kibarazani. Mama hakumwambia neno la lawama, na sasa najua ilimgharimu, kwa sababu ile migomba aliipanda mama yake mwenyewe. Alimwekea tu chakula na kumpa mtoto ampakate.

Bado tulikuwa na mbuzi na ile biashara ya maharage. Tungeweza kuinuka. Baba aliinuka, akaanza tena kupanda Mgeta na chumvi. Vita vilitukuta katika hali hiyo.

Mwanzoni vita vilikuwa habari za mbali. Tulichokiona sisi ni kwamba nguo ziliadimika dukani, kisha chumvi, kwa sababu meli hazikuja tena. Baadaye akida alikuja Mlali akaitisha baraza. Alisema serikali inahitaji fedha ya madini, na kila aliyenayo ailete bomani abadilishiwe noti. Noti ni fedha ile ile, alisema, ina neno la serikali juu yake, na vita vikiisha kila mtu atarudishiwa rupia zake.

Wengi walirudi nyumbani na kuchimba mashimo. Baba hakuchimba. Alifungua kitambaa chake mbele ya mama, rupia za faida ya biashara zikiwa ndani.

"Ficha walau nusu," mama alisema. "Baba watoto, nakuomba."

"Nimewafanyia kazi miaka. Nimelala porini, nimeumwa homa kwenye kambi zao, na kila mwisho wa mwezi walinilipa. Hawakunipunja hata hela moja. Watu wanaoweza kujenga reli ile watashindwa kulipa karatasi?"

"Kujenga si sawa na kulipa."

"Hizi unaona ni nzito," alisema, akizipima mkononi. "Moto ukishika nyumba, au watu wakituvamia, tutakimbia nazo vipi? Karatasi unaificha popote."

Baba alimwangalia mama mkononi. Mama alivuta vikuku vyake mpaka juu ya kiwiko.

"Hivi hapana," alisema.

"Sikuviomba," baba alijibu, na nilisikia kwamba ameumia.

Alirudi na noti. Zilikuwa za karatasi mbaya, wino wake ulipakaza kidole. Akazitia ndani ya kibuyu, akakiziba kwa nta, akakitundika darini juu ya moshi ili wadudu wasiingie.

Wakati Waingereza walipokaribia, jeshi la Wajerumani lilianza kurudi nyuma, na njia yao ilikuwa kwetu. Walihitaji nyama na watu wa kubeba. Askari walipita nyumba kwa nyumba na jumbe akiwaongoza. Waliwachukua mbuzi wa mama mdogo, wakawachukua wa binamu, wakawachukua wa jirani wa mjomba, wakateremka wakawachukua wa Mlali. Baba alikuwa amewatawanya wasife kwa ugonjwa mmoja, lakini njia iliyopita kwenye nyumba zote hizo ilikuwa moja, na askari waliifuata ile ile tuliyopanda nayo. Kila mahali waliacha noti. Ndugu walikuja mmoja mmoja kutuletea karatasi hizo, wakaziweka mbele ya baba kwa aibu, kana kwamba wao ndio waliochinja.

Ikatangazwa kwamba kila kitongoji kitoe wapagazi. Wanaume wakaingia msituni. Mjomba, mzee vile, alikwenda pamoja na vijana. Mama alimfungia baba viazi katika jani la mgomba, akamsukuma mlangoni.

"Nenda na wenzako. Wanakaribia."

Baba hakutoka.

"Nikijificha leo," alisema, "kesho nitakwenda bomani na karatasi hizi kwa uso gani? Wataniuliza, ulikuwa wapi tulipokuita? Wataandika mimi ni mtoro. Na mtoro halipwi."

"Acha zipotee! Acha zote zipotee!" Sijawahi kumsikia mama akipiga kelele namna ile. "Wewe ndiye nisiyetaka upotee!"

"Ni zenu," baba alisema. "Sina kingine cha kuwaachia."

Alikaa kibarazani akawasubiri. Walipofika walimfunga kamba ya shingo pamoja na wengine wawili, ingawa hakukimbia. Nililia, nikamshika shuka. Aliinama kadiri kamba ilivyomruhusu akaniambia, "Vita vikiisha mpeleke mama yako bomani. Mwambie asiogope kuingia." Mdogo wangu alikuwa ameshika mkono wa mama, anacheza na vikuku. Hakulia. Alidhani baba anakwenda Mgeta.

Baada ya jeshi kupita ilikuja njaa. Mashamba yalikuwa yamevunwa mabichi, mbegu zimeliwa. Tulikula mizizi ya migomba. Mama alivua vikuku vyake akaenda navyo kwa watu waliokuwa wameficha mtama, akarudi na kikapu kisichojaa. Kilitufikisha mahali, lakini hakikumfikisha mdogo wangu. Alianza kuvimba miguu, kisha akaacha kucheka, kisha akaacha kuomba chakula, na hapo ndipo mama alipojua. Alifia mapajani mwangu asubuhi moja nikimlisha uji. Nilidhani amelala. Nilikaa muda mrefu bila kusogea ili nisimwamshe.

Habari ya baba ililetwa na mtu wa Mgeta aliyekuwa mpagazi pamoja naye. Alirudi amekonda hata mkewe hakumtambua. Alisema walitembea mpaka karibu na Rufiji, mvua zikawakuta, na tumbo la kuhara likawamaliza wengi. Baba alikaa chini pembeni ya njia na mzigo wake, na hakuamka. Walimfukia kwa majani na udongo kidogo, maana hawakuruhusiwa kusimama. Sanda haikuwapo.

Tukamwekea matanga bila kaburi. Watu walipokuwa wamekaa, mjomba, ambaye nadhani alikuwa anatafuta neno la kumfariji mama, alisema, "Shemeji alikuwa mtu mwema. Lau angenisikiliza, akabaki na mbuzi tu, asingehangaika."

Mama aliinua kichwa. "Mbuzi waliliwa, kaka."

"Ni kweli."

"Biashara ilikufa. Fedha ilichukuliwa. Watu wenye akili na watu wajinga walipoteza sawa. Kitu gani hapa hakikuchukuliwa?"

Mjomba alijibu polepole, "Udongo."

"Udongo," mama alisema. "Na huo hamkumpa."

Mjomba aliangalia mikono yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefuata desturi aliyoikuta, na desturi hiyo hiyo ndiyo iliyotuachia mimi na mama mahali pa kulala. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijapata mtu wa kumlaumu. Pengine ndiyo maana halijapoa.

Nchi ilipotulia, mama alitoa kibuyu darini. Tulitembea mpaka Morogoro. Bendera bomani ilikuwa nyingine. Karani, kijana mstaarabu, alimwamkia mama shikamoo, akazipokea noti, akazigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hizi ni za serikali iliyoondoka. Sisi hatuwezi kuzipokea."

"Mume wangu aliambiwa zitalipwa."

"Waliomwambia hawapo tena, mama."

Mama alizirudisha kibuyuni. Tukaenda kwa Mhindi. Rafu zake zilikuwa tupu, na yeye alikuwa amezeeka. Mama hakusema shida yake, alimwonyesha tu kibuyu. Yule mtu alifungua sanduku la mbao lililokuwa nyuma yake. Lilijaa karatasi zile zile mpaka juu.

"Walinunua duka langu zima kwa hizi," alisema. "Ningewakatalia vipi? Walikuja na bunduki."

Alituketisha. Alimuuliza mama kama ni kweli baba amefariki, mama akainamisha kichwa kukubali. Mhindi alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nilimwona," alisema. "Siku walipowakusanya hapa mjini. Walikaa kutwa nzima juani mbele ya stesheni. Nilimpelekea maji, askari akaniacha."

Mama alisogea mbele. Miezi yote ile hakuwa amepata mtu aliyemwona baba akiwa bado mzima, isipokuwa yule wa Mgeta, ambaye hakupenda kuulizwa.

"Alikuwaje?"

"Amechoka. Lakini alizungumza. Aliuliza bei ya maharage."

Mama alitoa sauti, sikujua kama ni kicheko au kilio. "Alikuwa amekula?"

"Nilimpa mkate na tende. Alikula nusu. Nusu akaifunga kwenye shuka, akasema ya njiani."

"Miguu yake? Alikuwa na vidonda?"

"Sikuiona, mama. Alikuwa amekaa."

Mama aliendelea kumuuliza hivyo, vitu vidogo vidogo: kama kamba ilikuwa bado shingoni, kama alikaa karibu na watu anaowajua, kama alikohoa. Mhindi alijibu alichokumbuka, na asichokumbuka alisema hakumbuki. Hakumdanganya hata kwa huruma, na kwa hilo nimemheshimu mpaka leo. Ilipofika alasiri alitupa chumvi kidogo katika karatasi, tukaaga.

Tulipanda mlima. Mama alitangulia, na mimi nilikuwa naangalia visigino vyake. Tulipofika mahali pa kupumzika aliketi juu ya jiwe, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemjibu mwenzake aliyeketi ubavuni, "Mkate na tende." Kisha akainama, akajifunika uso kwa kaniki, na kwa mara ya kwanza tangu baba afungwe kamba, nikamwona analia mpaka mwisho. Nilikaa karibu naye mpaka alipomaliza. Jua lilikuwa limekwisha kwenda, na bado tulikuwa na safari.